Nusu Inchi ya Bega la Kulia

Yule mwanamke alipoingia kwa Bi Futi na gauni mkononi, nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi nikisubiri sketi yangu ipunguzwe kiuno. Duka langu la fotokopi limepakana na chumba chake cha kushonea, na ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba cherehani yake ikikimbia, penseli zangu hutikisika mezani. Kwa hiyo haya sisimulii ya kuambiwa. Nilikuwepo, na heri nisingekuwepo.

"Fundi, hebu niangalizie hii," alisema yule mwanamke. "Nimeinunua juzi tu, ina lebo bado. Lakini hapa shingoni inanivuta upande. Nikijitazama kwenye kioo naona kama nimeinamisha kichwa, na sijainamisha."

Bi Futi aliipokea bila hata kuitazama, kwa sababu nguo za kurekebisha huletwa kwake kila siku. Akaikung'uta, akaitandaza mezani, akaanza kuipapasa mshono kwa mshono kama kawaida yake. Mkono ulipofika kwenye kola ukasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena.

"Umeinunua wapi, mama?"

"Pale dukani kwa Jumla, mtaa wa pili. Zimejaa tele, rangi sita. Mimi nilitaka ya bluu nikaambiwa zimeisha."

Niliinuka nikaenda kuchungulia. Ilikuwa kola yake. Sisemi iliyofanana na yake, wala iliyoikaribia. Ilisimama vilevile nyuma ya shingo, ikapita juu ya bega, ikaja kujikunja kifuani mara mbili na kutulia bila kifungo wala pini. Mimi naijua ile kola tangu ikiwa vipande vya magazeti. Rangi sita! Mtu aliyekaa mwaka mzima akishona magauni kumi na manane ya namna ile, kila moja na mwenyewe, anaambiwa huko mtaa wa pili zimejaa tele na za bluu zimeisha.

Asiyemjua Bi Futi anaweza kuuliza, kwani kola ni nini mpaka mtu mzima avue miwani aifute? Basi nimweleze. Huyu mama ameshona sare za shule miaka ishirini na miwili. Mashati meupe, kaptula, sketi za marinda, asubuhi mpaka jioni, mpaka futikamba ikawa kama sehemu ya shingo yake. Niliwahi kumkuta nayo benki, kwenye foleni, na nilipomwonyesha akasema anajua, aliona uvivu kuivua. Hapo ndipo jina la Bi Futi lilipoanzia, na jina lake la kuzaliwa nadhani hata mwenye nyumba amelisahau. Baadaye shule zikaanza kuagiza sare kiwandani, na chumba kikabaki na kazi za kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Nilimwona akikaa mlangoni mikono mapajani, yeye ambaye mikono yake sikuwahi kuiona imetulia.

Ana ulimi mkali, hilo silifichi. Mteja akimletea picha kwenye simu na kusema nataka kama hii, anamrudishia simu. "Mimi siyo kioo," anamwambia. "Nguo ya huyo mwachie huyo. Kaa hapo tuone ya kwako." Wengine walikasirika wakaondoka, nami nikimwambia, shoga, unafukuza riziki kwa kiburi. Anacheka tu. Hakuwahi kuiga nguo ya mtu hata siku moja, na alijivunia hilo kuliko cherehani yake.

Kola ilianza na mwalimu mkuu. Alikuwa anastaafu, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa kubeba mkoba wa madaftari maisha yake yote. Alikuja akasimama katikati ya chumba, akasema, "Fundi, siku hiyo nitasimama mbele ya watu wote. Sitaki waone bega. Nataka wanione mimi." Bi Futi alihangaika na lile bega wiki saba. Alikata magazeti, akachana, akakata mengine, akawa anakula bila kujua anakula nini. Mwisho akatoka na kipande kimoja cha karatasi ya kaki, upande wa kulia umezidi wa kushoto kwa nusu inchi ili kuliinua bega lililoshuka. Siku ya sherehe mwalimu alisimama amenyooka, na hakuna aliyeliona bega. Wiki iliyofuata wanawake wanne walikuwa kwenye benchi wakiulizia ile kola. Chumba kikapata uhai tena.

Sasa sikiliza utaratibu wake, maana ndio uliotuponza. Hakukata karatasi nyingine. Kila mteja aliyekuja, alitandaza ileile karatasi ya mwalimu juu ya kitambaa, akachora kwa chaki, kisha akaipunguza ile nusu inchi kwa mkasi, kwa macho tu. Nilimuuliza kwa nini asikate karatasi iliyonyooka akapumzika. "Nusu inchi iko kichwani, jirani," alinijibu. "Ya nini kuiweka msumarini?" Mtu mwingine aliyeijua siri hiyo alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, ambaye alikuja kwao akiwa hajui kutunga uzi kwenye sindano na sasa alikuwa anakaribia kuwa fundi kamili. Mume wa Bi Futi ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani anaonekana kama mgeni, kwa hiyo wale wawili ndio waliokuwa nyumba. Waliamka pamoja, walikula sahani moja, waligombania redio. Akizungumza na wateja Bi Futi hakusema mimi, alisema sisi.

Siku ile alitoa futikamba shingoni akaipima kola ya Jumla. Akapima kulia, akapima kushoto, akarudia. Uso ulimbadilika.

"Jirani, njoo uone. Kulia imezidi nusu inchi."

"Si ndiyo yako ilivyo?"

"Hapana. Magauni yote niliyouza yamenyooka, isipokuwa la mwalimu. Jumla angenunua gauni langu akalifumua, angepata kola iliyonyooka. Hii haikutoka kwenye gauni. Imetoka kwenye karatasi."

Tuligeuka wote wawili tukatazama msumari. Karatasi ilikuwepo, inaning'inia kama siku zote. Kwenye kona, wifi aliyekuwa anashonea vifungo aliinua kichwa.

"Mbona mnanitazama?" aliuliza.

Mwenye gauni akasema atarudi kesho, akatoka haraka, nadhani alidhani tuna msiba.

Kesho yake nilifunga duka nikamsindikiza Bi Futi kwenye ofisi inayoshughulikia haki za wabunifu. Tulipanda ghorofa ya tatu, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukaitwa. Afisa alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri, na alisikiliza mpaka mwisho. Aliligeuza gauni la Jumla, akaligeuza gauni la Bi Futi, akakiri mwenyewe kwamba haoni tofauti.

"Tatizo, mama, nguo ni kitu cha kuvaa," alisema. "Ungekuwa umechora ua kwenye kitambaa, lile ua tungelilinda. Lebo yenye jina lako tungeilinda. Lakini mkato wa nguo, kola, mkono, pindo, hivyo ni vya kila mtu."

"Kwa hiyo nikichora ua juu ya kola yangu," Bi Futi alisema polepole, "ua ni langu, kola ni ya Jumla?"

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Hata kama aliichukua kwenye karatasi yangu?"

"Karatasi ikiibwa, huo ni wizi wa karatasi. Nenda polisi. Imeibwa?"

"Ipo msumarini."

Kijana alifungua mikono. Nilidhani sheria ni kitu cha kumsaidia mtu kama huyu, wala sikuwahi kujiuliza zaidi ya hapo. Nilimuuliza kama anatania. Akasema hatanii, na kwamba hata shati alilovaa yeye kuna mtu aliyelibuni, nani anamjua? Nilitaka kumwambia kwamba mbunifu wa shati hakuwa amekaa mbele yake akilalamika, lakini Bi Futi alikuwa ameshasimama. Njia nzima mimi nilizungumza kwa niaba ya wote wawili, na laiti ningenyamaza.

Maana Jumla hakushikika, na mtu mwenye hasira anataka wa kumshika. Tulipofika, wifi alikuwa palepale kwenye kona yake. Bi Futi hakukaa. Aliuliza kama kuna mtu aliwahi kuigusa ile karatasi. Wifi akasema hakuna. Akauliza kama kuna mtu wa Jumla aliyewahi kumsemesha, njiani, sokoni, popote. Wifi akasema Jumla anamsalimia kila mtu. Hapo ndipo mimi, mwenye mdomo, nikadakia.

"Sasa nani mwingine anajua karatasi inakaa wapi?"

Wifi alinitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama Bi Futi.

"Wifi, unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia," alisema Bi Futi. "Umeiuza kola yetu."

Yule binti hakulia wala hakuapa. Alimalizia kifungo alichokuwa anakishonea, akakata uzi, akalikunja lile gauni akaliweka juu ya mengine. Akachukua mkasi wake mwenyewe na mkoba, akatoka. Mimi nilichukulia kule kunyamaza kuwa ndio ushahidi, na nikamwambia Bi Futi hivyo. Jioni mume alipiga simu kutoka njiani, sauti yake nikaisikia kupitia ukutani ingawa simu haikuwa yangu. Alikuwa anauliza mdogo wake atalala wapi. Bi Futi hakujua.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa za ajabu. Wanawake walimiminika na magauni ya Jumla, yote yanavuta upande mmoja. Mji mzima ulikuwa umevaa bega la mwalimu mkuu! Na nani wa kuyanyoosha isipokuwa yeye? Alikaa peke yake akifumua kola zilizoibwa kwake, akizipunguza nusu inchi na kuzirudishia. Nilimwambia haya ni matusi, awafukuze. Akanijibu kwamba hilo ndilo pekee alilobaki nalo, Jumla ana kola lakini hajui kwa nini imepinda, na kesho watu wataichoka. Nilimwona akijifariji hivyo, kona ya wifi tupu, nikajikaza nisimwambie kwamba amekonda.

Kilichomtoa chumbani ni mteja wake wa zamani, mmoja wa wale wanne wa mwanzo. Aliingia, akaona kola zimerundikana mezani, akacheka. "Fundi, na wewe siku hizi unaiga vya Jumla?" Hakuwa na nia mbaya. Bi Futi aliweka mkasi chini, akavua aproni, akaniita kupitia ukutani. "Jirani, funga duka. Twende."

Jumla tunamwita hivyo kwa sababu hauzi kitu kimoja kimoja akiweza kuuza kumi na mbili. Ni mtu mchangamfu, mnene kiasi, anayekukaribisha kabla hujavuka kizingiti. Duka lake lilikuwa limepakwa rangi upya, na ukuta wote wa mbele ulikuwa kola, kola, kola. Bi Futi alisimama katikati kama mtu aliyepotea nyumbani kwake. Kisha akamwambia yeye ni nani na kile ni nini.

Nilitegemea akane. Hakukana, wala hakuona haya.

"Kumbe ni ya kwako, mama? Hongera, inauzika sana. Mimi sikuiba kwa mtu. Niliipata kwenye karatasi tu. Mwanzoni nilidhani ni kipimo cha kifuniko cha kiti, fundi wangu ndiye aliyeniambia ni kola."

"Nani alikupa hiyo karatasi?" Bi Futi aliuliza. "Taja jina lake. Sitaki kingine, nataka jina."

"Hata sikupewa. Ngoja." Alivuta droo, akapekua, akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya kaunta.

Ilikuwa fotokopi. Mstari mweusi mzito ulikuwa umepita pembeni, kama unaotokea kioo cha mashine kikiwa kichafu. Katikati ilikuwa kola, saizi yake kamili, na matundu ya pini yameonekana moja moja. Jumla aliigeuza upande wa pili. Palikuwa pameandikwa kwa kalamu: Lebo 500, herufi kubwa, njoo Ijumaa saa nne. Chini yake palikuwa na muhuri wa duka langu.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Ikanirudia yote, wakati nilikuwa sijaikumbuka hata kidogo. Miezi kadhaa nyuma Bi Futi aliniletea ile karatasi ya kaki kwa sababu ilikuwa imeanza kuchanika kwa pini, akataka nakala ya akiba, akaniachia akakimbilia mteja. Nakala ya kwanza ilitoka na ule mstari mweusi. Nikafuta kioo nikatoa ya pili, nikampa na karatasi yake, akaenda kuifungia, tukaisahau wote wawili. Na ile iliyoharibika? Mimi karatasi zilizoharibika sizitupi. Nazirundika chini ya kaunta, na mteja akitaka kuandikiwa kitu, nachomoa moja namwandikia kwa nyuma. Miaka yote nimefanya hivyo, na nikijisifu kwamba mimi simwagi mali. Mikono yangu mwenyewe ilimkabidhi Jumla ile kola, nikamgongea na muhuri, na Ijumaa saa nne nikampa lebo mia tano za kuibandika. Kisha nikasimama kwenye chumba cha Bi Futi nikauliza nani mwingine anajua karatasi inakaa wapi.

Bi Futi alikuwa ameuona muhuri. Alinitazama, na nilitamani anitukane. Anayajua matusi, nimewahi kumsikia.

"Ni mimi," nilisema. "Sikujua. Ni mimi."

"Wifi yangu," alisema. Hakuwa ananijibu mimi. "Nimemfukuza wifi yangu. Jirani, tumtafute. Leo hii. Nitapiga magoti."

Jumla, ambaye hakuelewa kitu, aliona afadhali atuchangamshe. "Lakini, mama, yale malalamiko ya kuvuta upande yamekwisha. Wiki iliyopita nimepata fundi mpya, hana mfano. Aliitazama mara moja akaniambia kasoro iko wapi. Hata watu hawakutaka kumpa kazi, ati ana maneno ya wizi. Mimi nikasema kwangu kila mtu ana nafasi." Akavuta pazia la nyuma.

Cherehani tatu zilikuwa zinakwenda. Kwenye ya katikati alikaa wifi, mkasi wake mwenyewe pembeni. Alituona. Hakusimamisha mguu mpaka mshono ulipofika mwisho, kisha akakata uzi akasimama.

"Shikamoo, wifi," alisema.

Bi Futi alisogea mpaka kwenye cherehani ya katikati bila kuitikia. "Haikuwa wewe," alisema. "Nimejua sasa hivi. Haikuwa wewe."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, wifi. Nilikupa nafasi uniulize, ukasema unaniambia." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Ile nusu inchi uliniambia mimi peke yangu. Kama ningeiuza mimi, ingetoka imenyooka. Ulipima wewe mwenyewe ukaona imepinda, na bado hukuliona hilo."

Nilisikia Bi Futi akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Mimi pia sikuwa nimeliona. Tulikuwa watu wazima wawili, tulipima kulia na kushoto, na hatukuliona.

"Turudi nyumbani," Bi Futi alisema. "Kona yako sijaigusa."

Wifi aliinama akaokota kola aliyotoka kuimaliza, akamwekea kiganjani.

"Tazama hii kwanza," alisema. "Hii ndiyo niliyoiuza. Nimewakatia karatasi juzi. Nilikuwa nimeshaitwa mwizi tayari, wifi, na nilikuwa na njaa."

Bi Futi hakuhitaji kuitazama, lakini mikono yake haijui kushika kola bila kuipima. Alipima upande wa kulia. Alipima wa kushoto. Ilikuwa sawasawa, na nyuma ya wifi, kwenye ukuta, karatasi mpya ya kaki ilikuwa imeshatundikwa kwa ajili ya mafundi wengine wawili.